Sanamu ya Sanamu

Katika Kiswahili cha wazee wa mwambao neno sanamu lilikuwa pana kuliko linavyotumika aghalabu leo. Kinyago kilichochongwa kilikuwa sanamu, mchoro wa ukutani ulikuwa sanamu, na hata picha iliyotoka katika kamera ya mpigapicha wa mjini iliitwa sanamu. Upana huo una faida yake, kwani unaleta swali ambalo lugha yenye maneno mengi hulikwepa kwa urahisi. Mtu anapokiweka mezani kigari cha chuma cha kuchezea, chenye urefu wa kidole, akakipiga picha, anafanya nini hasa? Kigari chenyewe ni sanamu ya gari. Picha yake, basi, ni sanamu ya sanamu. Je, kitu cha namna hiyo chaweza kusema kweli? Na kama chaweza, ni kweli ya nani?

Swali hili huonekana dogo, na anayelicheka hana kosa kubwa. Hata hivyo si swali geni. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alivipanga vitanda vitatu: kitanda katika asili yake, ambacho hakionekani kwa macho, kitanda cha seremala, kinachoiga hicho cha kwanza, na kitanda cha mchoraji, kinachoiga cha seremala na kuwa mbali zaidi na ukweli. Kwa hesabu hiyo mpigapicha wa vigari amempita hata mchoraji. Lipo wazo la gari, lipo gari linalokwenda barabarani, kipo kigari kinachoiga gari, halafu ipo picha inayoiga kigari. Plato, aliyewafukuza washairi katika mji wake, hapana shaka angemtanguliza mtu huyu langoni.

Vigari vinavyokusudiwa hapa ni vile vya Uingereza, kwa kuwa ndivyo vilivyoenea zaidi katika makabati ya wakusanyaji, na habari zake si ndefu. Kampuni ya Meccano ya Frank Hornby, kule Liverpool, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutengeneza vitu vidogo vya madini vya kupambia njia za treni za watoto, na mwaka 1934 vikapewa jina la Dinky Toys. Mwaka 1947 marafiki wawili wa London walioitwa Smith wote wawili, bila ya kuwa ndugu, walifungua karakana wakaiita Lesney kwa kuyaunganisha majina yao ya kwanza, Leslie na Rodney. Fundi wao, Jack Odell, inasimuliwa kwamba alimtengenezea bintiye gari dogo la kushindilia barabara kwa sababu shule iliwaruhusu watoto kuchukua tu kitu cha kuchezea kinachoingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Humo ndimo lilimozaliwa jina la Matchbox, mwaka 1953. Kampuni ya Mettoy, iliyoanzishwa na Philip Ullmann aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, ilileta Corgi kutoka Swansea mwaka 1956, ikijivunia madirisha ya plastiki angavu ambayo washindani wake hawakuwa nayo. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa mwishoni mwa 1979, Lesney ikafilisika 1982, na Mettoy ikaanguka 1983. Majina yaliuzwa na kuendelea kutumika katika mikono mingine.

Jambo la kuzingatiwa ni namna vilivyotengenezwa. Zinki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na aluminiamu, pamoja na shaba na magnesi kidogo, ilisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji, ikaganda papo hapo, kalibu ikafunguka. Kalibu moja ilitoa maelfu kwa maelfu ya vigari vinavyofanana kama punje za mtama. Kwa hivyo, siku ya kutoka kiwandani, Plato alikuwa na haki yake yote. Kila kigari kilikuwa nakala, wala hakikutofautiana na jirani yake ila kwa bahati ya rangi. Aliyekitoa katika hali hiyo ni mtoto.

Mtoto alikigongesha kwenye mguu wa meza, akakizika mchangani akakisahau, akakichovya katika rangi ya kucha ya mama yake, akang'oa tairi kwa meno. Baudelaire, katika insha yake ya mwaka 1853 juu ya vitu vya kuchezea, aliona kuwa watoto wengi wana hamu ya kuiona roho iliyomo ndani ya kitu hicho, na ndiyo maana hukigeuzageuza, hukitikisa, hukipiga ukutani, mpaka kinapasuka na roho isionekane. Hapo, kwa maoni yake, majonzi huanza. Lakini lipo jambo ambalo mshairi huyo hakulifikia. Roho haikuwamo kabla ya kupigwa. Iliingia kwa kule kupigwa. Baada ya miaka miwili mikononi mwa mtoto kigari hakina tena mwenziwe duniani. Mkwaruzo wa mlangoni, bonde dogo la juu ya paa, na lile doa la rangi ya kucha havimo katika kalibu yoyote. Kigari kimeacha kuwa nakala, na Plato hana tena la kusema juu yake.

Achukuliwe kwa mfano mzee wa Kiingereza aliyezaliwa miaka michache baada ya Vita Kuu vya Pili, mwenye vigari mia tatu kabatini. Wanawe hawavitaki na wala hawalaumiki, kwani nyumba zao ni finyu na kumbukumbu hizo si zao. Ameamua kuviuza, na kabla ya kuvitawanya anavipiga picha kimoja kimoja. Karibu vyote alivinunua ukubwani. Vichache ni vya utotoni, na kimoja kati ya hivyo, lori dogo la Dinky, kilikuwa cha mdogo wake aliyefariki kabla ya kutimiza miaka kumi. Katika tairi za nyuma za lori hilo zipo alama za meno. Mzee anatandika karatasi nyeupe, anawasha taa mbili, anaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Na kabla hajabonyeza kitu anajikuta ana maamuzi ya kufanya ambayo hayamo katika kitabu cha maelekezo ya kamera.

La kwanza ni urefu wa jicho. Kamera ikiwekwa juu, kigari huonekana kile kilicho, yaani kitu kidogo kilicholazwa mezani. Ikishushwa hadi usawa wa dereva asiyekuwepo, kigari hujitutumua kikawa gari. Lenzi inapokisogelea kitu kidogo, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba sana, pua ikawa wazi na mkia ukawa ukungu, na jicho hutambua mara moja kwamba linaangalia kitu cha kuchezea. Mpigapicha Mtaliano Olivo Barbieri aliitumia kanuni hiyo kinyumenyume kuanzia mwaka 2003: aliipiga picha miji halisi kutoka angani kwa lenzi iliyopindishwa, na miji mizima ya watu ikaonekana kama imepangwa na mtoto sakafuni. Mwenye vigari naye aweza kuliziba tundu la lenzi mpaka pua na mkia vikawa wazi sawasawa, akaondoa kila kitu kinachodokeza ukubwa, na anayetazama asijue kama ni lori la tani tano au la gramu mia. Ufundi huo wampendeza kila aliyeuweza. Je, ni uwongo?

Jibu la haraka ni ndiyo, lakini jibu la haraka limemsahau mtoto. Mtoto hakukitazama kigari kutoka juu. Alilala kifudifudi, shavu lake likagusa sakafu, akakitazama kikija kwa usawa ule ule ambao sasa kamera imeshushwa. Tena hakudanganyika hata dakika moja. Alijua ni gari na alijua si gari, akavijua vyote viwili kwa pamoja bila ya taabu, jambo ambalo wanafalsafa wamelihangaikia karne nyingi. Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, alifahamika kwa picha za mji aliouita Elgin Park, mji usiokuwepo. Aliweka magari madogo ya mfano na nyumba alizozijenga mwenyewe juu ya meza iliyotolewa nje, akaipanga meza mpaka miti na barabara halisi za nyuma yake zikaungana na vile vya mbele, na kamera ndogo ya kawaida ikakamilisha kazi. Hapakuwa na watu katika mji huo. Picha hizo zingeweza kumpotosha mtu yeyote, ila Smith alitoa pia picha za ile meza, na yeye mwenyewe akionekana kando yake, mkubwa kama jitu. Hakuona kwamba siri ikifichuliwa picha itakufa, na kwa kweli haikufa. Anayezitazama hujua na husahau na hujua tena, kama mtoto. Basi ubaya hauko katika kukishusha kichwa hadi sakafuni. Uko katika kumnyima mtazamaji ile meza.

Uamuzi wa pili ni mgumu zaidi, nao ni juu ya majeraha. Mzee yule akitaka, aweza kuyaondoa yote. Tairi mpya za kuigiza zinauzwa, rangi ya asili hupatikana kwa kukisia, na hata asipokigusa kigari kwa brashi, kompyuta itauziba mkwaruzo kwa muda wa kupiga chafya. Na hapa ustaarabu wa mwambao una neno la kumtetea. Sitara ni jambo kubwa katika maisha ya watu wa pwani. Mwenye kuistiri aibu ya mwenziwe husifiwa, na kulianika kovu la mtu hadharani ni utovu wa adabu. Wapigapicha wa studio za zamani walioulainisha uso wa bibi arusi kwa penseli juu ya filamu hawakuitwa waongo. Walilipwa, wakashukuriwa, na picha zikatundikwa ukumbini. Kwa nini basi kigari kinyimwe sitara wanayopewa watu?

Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, maana imetoka mahali pa heshima. Jibu ni kwamba sitara ni haki ya mwenye kuweza kuaibika. Bibi arusi ana uso wake na jina lake, na kesho atakutana na waliomwona pichani. Kigari hakina haya. Majeraha yake si yake. Ni maandishi ya mtu mwingine juu yake, na mtu huyo hakuyaona kuwa aibu. Alama za meno kwenye tairi za lori ni katika vitu vichache alivyoviacha yule mdogo ambavyo havikutungwa na mtu kwa ajili ya kumkumbuka. Picha za familia zilipangwa, na barua za shule zilisimamiwa na mwalimu. Meno hayakusimamiwa na yeyote. Anayezibadilisha tairi ili picha ipendeze hamsitiri mtoto huyo. Anamfunika mara ya pili.

Watasema wengine kwamba kitu chenyewe bado kipo, na picha ni karatasi tu. Hata picha ikidanganya, kigari kitasema. Wangekuwa na haki lau kama vigari vingedumu. Vile vya Dinky vya kabla ya vita vinajulikana kwa maradhi ambayo wakusanyaji huyaita tauni ya zinki. Chanzo chake ni uchafu wa risasi au madini mengine ulioingia katika mchanganyiko, kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa jicho. Madini huoza kutoka ndani, katika mipaka ya chembe zake. Kigari huvimba, huchanika nyufa nyembamba kama za kaure kuukuu, hupinda, na mwisho humegeka vidoleni kama biskuti. Dawa haijapatikana, kilichokwisha kuingiwa kitaharibika, na joto na unyevu huyaharakisha mambo, kwa hivyo kabati la Unguja au Lamu lingekuwa mahali pabaya kuliko la Liverpool. Aliyekihifadhi kigari miaka sitini bila ya kukigusa aweza kuufungua mlango asubuhi moja akakuta unga.

Hapo kazi ya mpigapicha hubadilika. Si mpambaji tena, ni shahidi, na ushahidi wake utasomwa siku ambayo mwenye kushuhudiwa hayupo kuusahihisha. Katika makumbusho nyingi za leo ipo kanuni kuwa fundi anayekitengeneza kitu cha kale aandike alichokifanya na, kila inapowezekana, atumie njia inayoweza kuondolewa baadaye. Kanuni hiyo yafaa kuvuka mpaka ikamfikia na mwenye kamera. Asiye na budi kubadilisha na abadilishe, lakini aseme. Soko nalo linajua jambo hili vizuri kuliko maadili, kwa sababu zake. Kigari kilichopakwa rangi upya bei yake hushuka sana, na muuzaji anayekiweka pichani kama kwamba rangi ni ya kiwandani hushikwa kwa udanganyifu wala si kwa upungufu wa adabu.

Soko, hata hivyo, limeleta upotofu wake. Linakiinua juu ya vyote kigari ambacho hakikuchezewa kabisa, kilichomo ndani ya kisanduku chake, bila ya doa. Yapo mambo mawili ya kuchekesha katika heshima hiyo. Kwanza, kabla ya miaka ya 1950 vigari vya Dinky kwa kawaida havikuwa na visanduku vyake binafsi. Vilifika dukani vimefungwa pamoja, aghalabu sita sita, na mtoto akapewa chake mkononi kikiwa uchi. Pili, kisichochezewa ndicho pekee kilichobaki kuwa nakala. Ni kama dau zuri ambalo halijawahi kushushwa majini, likasifiwa kwa kuwa halina chumvi. Isije ikadhaniwa kwamba kigari cha namna hiyo kinastahili kudharauliwa. Pengine kilibaki hivyo kwa sababu ya kusikitisha, na yaliyosahauliwa ghalani na mwenye duka yana hadithi yake. Lakini picha yake, hata iwe safi vipi, ni picha ya kalibu.

Watoto wa mwambao nao walikuwa na magari yao, ya waya, ya makopo ya maziwa na ya samaki, tairi zikiwa zimekatwa katika ndara zilizochakaa, usukani mrefu ukimfikia kifuani anayeliendesha kwa miguu yake mwenyewe. Magari hayo hayakutoka kalibuni, kwa hivyo hayakuwa nakala hata siku moja. Lililotengenezwa Kikwajuni halikufanana na la Michenzani, wala la Jumatatu halikufanana na lililoundwa upya Alhamisi kwa waya ule ule. Hakuna katalogi iliyoyaorodhesha, na yalipokatika yalirudi kuwa takataka. Ajabu ya ukusanyaji ni hiyo: vilivyotolewa kwa maelfu vimehifadhiwa kwa uangalifu, na vile vya pekee vikatupwa.

Kipo lakini kigari kimoja katika kabati la mzee ambacho kinaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Lesney iliuza zaidi ya vigari milioni moja vya farasi vya mfano wa kile alichopanda Malkia. Na mwaka huo huo, kwa kuuadhimisha utawazo huo huo, yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyokuja kuitwa East African Safari. Volkswagen ilishinda mara kadhaa katika miaka ya mwanzo. Mwaka 1965 Corgi ikatoa Volkswagen ndogo ya Safari, nyekundu ya kukaribia rangi ya chungwa, yenye nambari 18 ubavuni na tairi la akiba juu ya paa, ambalo likizungushwa magurudumu ya mbele hugeuka. Ndani ya kisanduku, pamoja na gari, aliwekwa kifaru mdogo wa plastiki.

Kifaru huyo ana mengi ya kusema. Mashindano yalipita katika nchi za watu, vijijini na mijini, penye matope na wasukumaji wa magari yaliyokwama. Mtengenezaji wa Swansea alipotaka kuifupisha nchi yote hiyo kwa kitu kimoja kinachoingia kisandukuni, akachagua mnyama. Wala hakuna haja ya kumkasirikia sana baada ya miaka yote hii. Lakini hiyo nayo ni sanamu, sanamu ya Afrika Mashariki kama ilivyoingia katika vyumba vya watoto wa Uingereza, na ni sehemu ya ukweli wa kigari hicho kama vile rangi yake.

Na kifaru wa mzee amepotea. Alipotea, kwa kadiri anavyokumbuka, katika bustani, wakati wa vita alivyovipanga yeye mwenyewe. Yuko wa kuigiza wa kuagiza kwa posta, anayefanana naye kabisa. Akimweka, picha itakuwa kamili, na itakuwa imemfuta mtoto aliyempoteza kifaru wa kwanza. Asipomweka, gari litaonekana halina hatia kuliko lilivyokuwa, na atakayeitazama picha hiyo baadaye hatajua kwamba Afrika Mashariki ililetwa katika chumba kile kwa umbo la mnyama anayeshambulia. Anakaa muda mrefu mbele ya karatasi nyeupe. Mwishowe analisogeza gari upande wa kushoto, anaiacha nafasi tupu upande wa kulia ipatayo upana wa kifaru, anaweka sarafu ya peni moja karibu na gurudumu, anapiga. Nyuma ya picha iliyochapwa anaandika kwa penseli kwamba palikuwa na kifaru. Halafu analichukua lile lori, analigeuza ili mkia wake uikabili taa, na kuiinamisha kamera mpaka alama za meno zinaonekana.